Wes Montgomery: kijana aliyefundishwa gitaa na santuri

Kila tunapopiga nyimbo za dansi za zamani katika kipindi chetu cha jioni, ujumbe wa simu huanza kuingia, na kati yake haukosi ujumbe wa kijana anayejifunza gitaa. Anatuambia kijijini kwao hakuna mwalimu wala shule ya muziki. Ana gitaa la kuazima na simu yake, basi. Anasikiliza solo, anairudisha nyuma, anaitafuta kwenye nyuzi, anairudisha tena. Halafu anatuuliza: je, huku ni kujifunza kweli, au ni kuiba vya watu? Wengine wanatuambia wapigaji wakubwa wamewacheka na kuwaita kasuku.

Tumeona tusijibu kwa maoni yetu ya studio. Tutajibu kwa maisha ya mtu mmoja, Mmarekani mweusi aliyefariki dunia mwaka 1968, ambaye hadi leo wapiga gitaa wa dunia nzima wanamtaja kwa heshima. Alianza hivyohivyo: gitaa, muziki uliorekodiwa, na hakuna mwalimu. Jina lake ni Wes Montgomery.

Jazz ipi tunayoizungumzia?

Kwanza tuondoe utata wa jina. Msikilizaji wetu akisikia Morogoro Jazz, Western Jazz au Tabora Jazz, anajua moja kwa moja kwamba ni muziki wa dansi, na gitaa la solo la mtu kama Mbaraka Mwinshehe linamjia masikioni. Bendi zetu zililipenda neno jazz na kulifanya sehemu ya majina yao, lakini muziki zilioupiga ulikuwa na njia yake.

Jazz ya leo ni ile ya Wamarekani weusi, iliyochipuka New Orleans mwanzoni mwa karne ya 20 na kuenea katika miji mingine ya Marekani. Katika muziki huo, bendi huanza kwa kupiga wimbo wenyewe ili watu wautambue. Kisha mpigaji mmoja huachiwa nafasi. Wimbo unaendelea kuzunguka chini yake, mzunguko uleule, naye juu yake anatunga sauti mpya papo hapo, bila karatasi na bila kukariri. Akimaliza, mwenzake anapokea.

Hapo ndipo penye fumbo kwa mwanafunzi. Wimbo ulioandikwa unaweza kuukariri, lakini kitu alichokitunga mtu papo hapo, usiku mmoja, kisha akakiacha, unajifunzaje?

Mtoto wa Indianapolis

John Leslie Montgomery alizaliwa tarehe 6 Machi 1923 mjini Indianapolis, katika jimbo la Indiana. Wes ni kifupi cha Leslie. Wazazi wake walitengana angali mdogo, na sehemu ya utoto wake aliishi na baba yake mjini Columbus, jimbo la Ohio, kabla ya kurudi Indianapolis akiwa kijana.

Nyumba yao ilikuwa na vipaji. Kaka yake mkubwa, Monk, baadaye akawa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kupiga gitaa la besi la umeme katika jazz. Mdogo wake, Buddy, alipiga piano na vibrafoni, ala ya vyuma inayogongwa kwa virungu kama marimba. Ni Monk aliyempatia Wes gitaa la kwanza, la nyuzi nne, Wes akiwa na umri wa miaka kama 12. Alilichezea kama watoto wanavyochezea, bila kwenda mbali.

Shauku yenyewe ilikuja baadaye. Wes alikuwa na miaka kama 20, ameshamwoa Serene, na mchana anafanya kazi ya kuchomelea vyuma. Siku moja akasikia santuri ya bendi ya Benny Goodman, ndani yake kuna gitaa la umeme linalopigwa na kijana aitwaye Charlie Christian. Wimbo ule, Solo Flight, ulirekodiwa mwaka 1941. Wes alikwenda kununua gitaa la umeme la nyuzi sita na kikuza sauti chake, ile amplifaya, akaanza upya kana kwamba hajawahi kushika gitaa maishani.

Mwalimu ambaye hakuwepo

Charlie Christian alizaliwa Texas mwaka 1916 na kukulia Oklahoma City. Kabla ya kizazi chake, gitaa katika bendi kubwa za Marekani lilikuwa la kukwangua rizimu tu. Mbele ya tarumbeta na saksafoni nyingi halikusikika. Amplifaya ilipopatikana, Christian aliona nafasi: gitaa nalo lingeweza kusimama mbele na kuzungumza noti moja moja, kwa mistari mirefu, kama saksafoni. Benny Goodman alimchukua mwaka 1939. Kifua kikuu kilimwondoa mwaka 1942, akiwa na miaka 25.

Kwa hiyo Wes alipopata kazi yake ya kwanza ya gitaa, mwalimu wake alikuwa kaburini. Kilichobaki kilikuwa sauti kwenye sahani za santuri.

Tukumbuke santuri za wakati huo zilikuwaje. Upande mmoja ulibeba muziki wa dakika tatu hivi. Hapakuwa na kitufe cha kurudisha sekunde kumi nyuma. Ukitaka kusikia tena kifungu kimoja, unanyanyua sindano kwa mkono, unakisia mahali, unaishusha. Ukikosea unakuta umepita, unanyanyua tena. Sindano ilikuwa inalila santuri, na kila ulipojifunza ulikuwa unaiharibu.

Wes hakujua kusoma muziki ulioandikwa, na hakuja kujua vizuri hadi kufa kwake. Alichokuwa nacho ni sikio. Alikaa na solo za Christian, kifungu baada ya kifungu, noti baada ya noti, mpaka akazijua zote alizoweza kuzipata.

Kazi yenyewe inafanyikaje

Kwa msikilizaji ambaye hajawahi kuijaribu, tueleze kidogo, maana kwa nje inaonekana rahisi.

Mwanafunzi huanza kwa kusikiliza kifungu kifupi, tuseme pumzi moja ya mpigaji. Anakiimba kwa mdomo. Hii ni hatua ambayo wengi wanairuka, na wanaoiruka huteseka, kwa sababu kisichokaa kinywani hakikai kwenye vidole. Akishakiimba ndipo anakitafuta kwenye gitaa.

Hapo linazuka tatizo la gitaa lenyewe. Kwenye piano, noti moja ina mahali pamoja. Kwenye gitaa, noti ileile unaweza kuipata kwenye uzi huu karibu na kichwa cha gitaa, au kwenye uzi mwingine katikati ya shingo, au mbali zaidi. Santuri haikuonyeshi mkono wa mpigaji. Mwanafunzi anajaribu mahali hapa, vidole vinagongana. Anajaribu pale, kifungu kinateleza vizuri, na anahisi kwamba huenda hapo ndipo mkono wa mwenyewe ulipokuwa. Kwa kutafuta namna hiyo anaijua shingo yote ya gitaa, ambayo hakuna aliyemfundisha.

Halafu kuna jambo la tatu, nalo ndilo kubwa. Kifungu hakikai hewani. Kinakaa juu ya wimbo unaozunguka chini yake. Noti ileile ikipigwa juu ya sauti moja ya bendi inatulia, ikipigwa juu ya nyingine inauma, inataka kwenda mahali. Anayenakili noti bila kusikia chini kuna nini amebeba maneno ya lugha asiyoijua maana yake.

Tulijaribu wenyewe hapa studio, wawili wetu wanaoshika gitaa kidogo. Tulichukua solo moja ya Christian tukasema tutajifunza sekunde ishirini za mwanzo baada ya matangazo ya jioni. Mlinzi alipokuja kufunga geti tulikuwa na sekunde sita, na tulibishana njia nzima kuhusu noti ya mwisho.

Dole gumba

Wes alikuwa akifanya mazoezi usiku, baada ya kazi, nyumbani. Gitaa la umeme lina kelele, na majirani walilalamika. Wapiga gitaa wengi hutumia kile kipande kidogo kigumu cha kukwangulia nyuzi, na sauti yake ni kali. Wes alikiacha, akaanza kugusa nyuzi kwa nyama ya dole gumba ili sauti iwe laini na watu walale.

Ilikuwa njia ya kuepuka ugomvi, lakini sauti ile ya mviringo na joto ikawa yake. Kwa miaka dole gumba lilijenga sugu, na kwa sugu hiyo aliweza kupata sauti laini au kali alivyotaka. Walimu wengi wa gitaa wangemwambia anakosea, na ni kweli kwamba kwa dole gumba ni vigumu mno kupiga haraka. Yeye alipiga haraka.

Tukitafakari maisha haya tunaona ajabu moja. Wes alikuwa akijitahidi kwa kila hali asikike kama Charlie Christian, na wakati huohuo majirani wenye usingizi walikuwa wanamsukuma asikike kama mtu mwingine.

Usiku solo zilipokwisha

Baada ya miezi michache klabu moja ya Indianapolis ikamwajiri. Kazi yake ilikuwa kupiga solo za Charlie Christian. Zamu yake ilipofika alipanda mbele akazipiga kama zilivyo kwenye santuri, na watu wakafurahi.

Lakini solo alizozijua zilikuwa na idadi. Zilipokwisha, naye alikuwa amekwisha. Aliinamisha gitaa akanyamaza, bendi ikaendelea bila yeye. Katika muziki ambao kiini chake ni kutunga papo hapo, alikuwa amesimama jukwaani bila neno lake mwenyewe hata moja.

Tunaomba kijana anayetuandikia asome sehemu hii mara mbili. Wale waliomwita kasuku wana hoja hapa. Mtu anaweza kunakili kwa usahihi wote, akalipwa, akashangiliwa, na bado asiwe ameanza kuzungumza.

Ila waangalie pia upande wa pili. Usiku ule Wes alikuwa na kitu ambacho mtu asiyenakili hana. Vidole vyake vilijua njia. Sikio lake lilijua kifungu kizuri kinaanza wapi, kinapumua wapi, kinamalizikia wapi. Alikuwa kama mtoto aliyekariri methali zote za bibi yake. Siku akipata jambo lake la kusema, hatakosa maneno.

Kutoka hapo kazi ni nyingine. Mwanafunzi anakichukua kifungu alichokinakili, anakihamisha mahali pengine kwenye shingo ili kiingie katika wimbo mwingine. Anakibadilisha mwisho. Anakipunguza nusu na kujaza nusu iliyobaki kwa sauti yake. Anakijibu, kama watu wanavyojibizana kwenye ngonjera. Vifungu vya mwalimu vinaanza kuchanganyika na vyake, na baada ya miaka hata mwenyewe hawezi kuonyesha mpaka uko wapi.

Kwa Wes miaka hiyo ilikuwa mingi.

Miaka ya kiwanda

Mwaka 1948 kiongozi maarufu wa bendi, Lionel Hampton, alimchukua. Hampton mwenyewe alikuwa amepiga pamoja na Charlie Christian katika kikundi cha Benny Goodman, hivyo aliijua sauti ile kwa karibu, na hapa alikutana na kijana aliyeibeba. Wes alisafiri naye kwa takriban miaka miwili. Familia iko nyumbani, yeye yuko barabarani. Mwaka 1950 aliacha, akarudi Indianapolis kwa mkewe na watoto.

Wangekuwa na watoto saba. Gitaa la usiku peke yake lisingeweza kuwalisha. Kwa hiyo Wes akaingia kiwandani, na ratiba yake ikawa hivi: kiwanda kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri. Kuanzia saa tatu usiku, klabu. Klabu ya kwanza ikifunga, anahamia ya pili, inayofunguliwa baada ya nyingine kulala, mpaka karibu saa kumi na moja alfajiri. Kisha kiwanda tena.

Mkulima anayetusoma anajua maana ya kuamka kabla ya jogoo. Huyu mara nyingi hakuwa amelala. Aliishi hivyo kwa miaka, akivuta sigara nyingi, katika mji ambao hakuna kampuni kubwa ya kurekodi iliyokuja kutazama. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alishiriki rekodi kadhaa za kaka yake na mdogo wake, waliokuwa wamehamia pwani ya magharibi, lakini nje ya Indianapolis wengi hawakumjua.

Katika klabu zile ndipo Wes wa kweli alipotengenezwa. Hapakuwa na santuri ya kunakili tena. Kulikuwa na saa nyingi za kupiga kila usiku, watu walewale waliokwisha kumsikia jana na juzi, na haja ya kuwapa kitu kipya.

Do ya chini na do ya juu

Alichokipata huko ni hiki. Wanakwaya wanajua kuna do ya chini na do ya juu: jina moja, sauti ileile, ila moja iko chini na nyingine juu. Mwanamume na mwanamke wakiimba wimbo mmoja pamoja, kwa kawaida ndivyo wanavyoimba bila hata kufikiri. Wanamuziki huita umbali huo oktava.

Wes alianza kupiga solo nzima kwa oktava, do mbili kwa pamoja, re mbili, mi mbili, kwa kasi. Ukitaka kujaribu, weka kidole cha shahada kwenye uzi mnene kuliko wote, na kidole kingine kwenye uzi wa nne, nafasi mbili mbele. Uzi wa tano ulio katikati uzime kwa ubavu wa kidole cha shahada usilie. Sasa piga nyuzi zote tatu kwa dole gumba: zitasikika mbili. Noti moja ni rahisi. Kuzikimbiza huku na huko shingoni, mkono wote ukiruka bila kukosea, ndiko kazi iliko. Hakuwa mtu wa kwanza kupiga oktava kwenye gitaa, lakini hakuna aliyekuwa amezifanya zikimbie na kuimba namna hiyo.

Mara nyingi solo yake ilipanda kwa hatua tatu. Mzunguko wa kwanza alipiga noti moja moja, kwa mistari mirefu, na hapo unamsikia Charlie Christian kwa mbali. Kisha akahamia oktava, sauti ikanenepa. Mwisho akapiga sauti nne au tano kwa mpigo mmoja, kama kwaya nzima imesimama, na kila mara ungedhani hakuna tena mahali pa kupanda.

Mwaka 1959 mpiga saksafoni Cannonball Adderley alipita Indianapolis, akamsikia katika klabu ya alfajiri iitwayo Missile Room. Aliporudi New York alimsihi Orrin Keepnews wa kampuni ya Riverside amtafute. Keepnews alikwenda, akasikiliza, akampa mkataba. Wes alikuwa na miaka 36.

Januari 1960 alirekodi albamu ya The Incredible Jazz Guitar of Wes Montgomery. Humo kuna nyimbo alizozitunga mwenyewe, kama West Coast Blues na Four on Six, ambazo wapiga jazz wanazipiga mpaka leo. Mtu aliyewahi kusimama jukwaani bila neno lake, sasa maneno yake yalikuwa yanafuatwa na wengine.

Redio inamwita

Kuanzia mwaka 1964 alirekodi na kampuni ya Verve, baadaye A&M. Mtayarishaji Creed Taylor alimwekea bendi kubwa na vinanda vya uta nyuma yake, akampa nyimbo zilizokuwa zikipendwa na vijana, azipige kwa zile oktava, fupi na tamu. Goin' Out of My Head ilimpa tuzo ya Grammy. Albamu ya A Day in the Life, ya mwaka 1967, iliuzwa kwa wingi usio wa kawaida kwa mpiga jazz.

Wapenzi wengi wa jazz walinung'unika. Walisema solo ndefu zimekwenda wapi, mtu aliyeweza kupanda hatua tatu anaishia ya pili. Sisi watu wa redio tuna sehemu yetu katika jambo hilo, maana wimbo wa dakika tatu unatufaa kuliko wa dakika kumi na mbili. Lakini hatuwezi kumlaumu baba wa watoto saba, aliyekwisha kumaliza miaka yake ya kiwanda, kwa kupokea pesa iliyokuja kwa gitaa lake. Na jukwaani aliendelea kupiga kwa urefu wake. Rekodi ya mwaka 1965 akiwa na kikundi cha mpiga piano Wynton Kelly, iitwayo Smokin' at the Half Note, ni ushahidi. Wapiga gitaa wengi huihesabu kati ya rekodi bora kabisa za gitaa la jazz zilizowahi kufanywa.

Umaarufu haukukaa muda mrefu. Asubuhi ya tarehe 15 Juni 1968, akiwa nyumbani Indianapolis, moyo wake ulisimama. Alikuwa na miaka 45. Tangu Keepnews ampe mkataba ilikuwa haijatimia miaka tisa.

Sasa wao wananakili yeye

Tangu hapo mambo yamejirudia. George Benson, Pat Martino, Emily Remler na wengine wengi walikaa na rekodi za Wes kama yeye alivyokaa na za Christian.

Kuna mmoja ambaye habari zake zinamfaa hasa kijana wetu. Pat Metheny alikulia katika mji mdogo wa Lee's Summit, jimbo la Missouri. Ujanani alimwiga Wes kwa kila kitu: dole gumba, oktava, vifungu. Watu wakampenda kwa hilo. Lakini akiwa bado kijana aliamua kuacha. Aliona kwamba kuendelea kujipatia sifa kwa sauti ya mtu mwingine hakukuwa heshima kwa mtu huyo. Alibaki na alichojifunza, akaliacha vazi. Leo ukimsikia Metheny huwezi kumchanganya na Wes hata kidogo.

Basi tumjibu aliyetuandikia. Nakili, ndugu yetu, wala usione haya. Chagua mpigaji mmoja anayekukosesha usingizi, awe Mbaraka Mwinshehe, awe Wes, awe mzee wa bendi ya wilayani kwenu. Chukua kifungu kimoja kwa juma, kifupi, ukiimbe kwanza kabla ya kukigusa. Simu yako inaweza kufanya ambacho gramafoni ya Wes haikuweza: inarudisha nyuma mara mia bila kuchakaa, na kuna programu zinazopunguza kasi bila kushusha sauti. Ukipiga mbele za watu kitu cha mtu, mtaje. Hiyo ndiyo tofauti ya mwanafunzi na mwizi.

Na itakapofika ile siku ambayo vifungu vyote ulivyonakili vimekwisha, bendi bado inapiga na watu wanakutazama, usiogope kama umepotea. Wes Montgomery alisimama hapo hapo. Aliinamisha gitaa, akarudi nyumbani, na kesho yake usiku akaanza kutafuta cha kwake, kwa dole gumba, polepole, ili majirani wasiamke.